Mtoto Aliyerukwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, siku ile ya mieleka nawakumbuka vizuri waliohusika: mimi, mdogo wangu Mujuni, bibi yetu, Mwesiga mtoto wa wafugaji, na mama yake. Wengine walikuwa watoto wa kijiji chetu cha Ihanda tu, kelele nyingi.

Mwesiga alimpiga Mujuni ngwala, akambwaga chali. Papo hapo mtu akapaza sauti kwamba ndama wameingia kwenye migomba. Mwesiga akaruka juu ya Mujuni, akakimbia kuwatoa, akapitiliza nao kwao.

"Karukwa!" watoto wakaimba. "Mujuni karukwa! Atavaa kaptula hiyo mpaka aoe!"

Tulilelewa tukijua hivyo: mtoto akirukwa akiwa amelala chini, hakui tena, mpaka aliyemruka amrudie, avuke kurudi upande alikotoka. Bibi alikuwa ametuonya asubuhi. Aliposikia, aliweka chini kisu cha kumenyea ndizi.

"Mwingine hafai," akasema. "Ni yeye mwenyewe. Na kesho wanahamisha ng'ombe kwenda Kyerwa."

Mujuni alikataa kula. Alisimama kwenye mlango akijipima kwa kiganja. Nikatoka mbio peke yangu hadi kwenye nyasi za wafugaji. Mbwa wao walinizunguka. Hata kulia sikuthubutu. Mama Mwesiga akawafukuza, akanishika mkono kabla ya kuniuliza neno.

"Shikamoo, mama. Mwesiga amemruka mdogo wangu."

"Marahaba, mwanangu. Waitu! Mwesiga! Umemruka mtoto wa watu, halafu umekaa hapo unakunywa maziwa?"

Walikuja wote wawili. Mujuni akalala palepale alipobwagwa, amefumba macho. Mwesiga akavua mabuti, akamvuka taratibu.

"Imekwisha," bibi akasema.

Lakini Mujuni hakuinuka. "Sichezi tena mieleka. Siku nyingine atasahau kunirudia."

Mwesiga akafikiri. Kisha akalala kwenye nyasi kando yake.

"Niruke."

"Mwesiga!" mama yake akamkemea.

"Niruke, usinirudie mpaka mwakani tukija. Usipokuja uwanjani, mimi nabaki hivihivi."

Bibi alijishika mdomo. Mimi nilikuwa naomba moyoni Mujuni akatae. Akamruka.

Mwaka ule hatukulala vizuri. Kila siku baada ya shule Mujuni alikwenda kushindana na wenzake, akianguka, akiinuka. Sasa alihofu kwa ajili ya mtu mwingine, na nadhani hiyo ndiyo iliyomrudisha uwanjani.

Juzi mwanangu alibwagwa, akarudi analia kwamba mieleka basi. Sikumwambia asiogope. Mimi mwenyewe mpaka leo, nikimkuta amelala mkekani, nazunguka miguuni pake. Nilimpangusa vumbi, nikamsimulia habari za mtoto aliyeuacha urefu wake mikononi mwa mwenzake ili tu mwenzake asiache kucheza. Sijaona wema mwingine unaofanana na huo.

Wafugaji waliporudi mwaka ule uliofuata, Mwesiga alikuwa amempita bibi kwa kichwa kizima. Alilala chini kabla hajasalimia mtu, na Mujuni akamrudia.

Mujuni bado ni mfupi kuliko mimi. Jumamosi ndiye anayewafundisha watoto mieleka.