Zimwi la Eveline

Fundi Timotheo wa Soweto, Mbeya, alikuwa na wimbo mmoja tu: "Betri kwanza." Umletee redio, tochi, hata saa ya ukutani iliyoanguka, atabadilisha betri kwanza ndipo akusikilize. Watu walimcheka, lakini wimbo huo ulimlisha miaka kumi na tisa.

Dada yake Eveline alizikwa Kilolo mwezi wa pili. Figo. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, vitenge vilienda huku, masufuria kule, na shangazi yao Veneranda akamwekea Timotheo mkononi kigemu cha zambarau cha kuchezea mkononi, kilichozungushiwa plasta.

"Alisema hiki ni chako, baba. Usimpe mtu."

Hakuhitaji kuambiwa. Utotoni, mgeni mmoja wa kanisa aliwaachia vigemu viwili. Cha Eveline kilikuwa cha kukamata mazimwi porini, kuyafuga na kuyapa majina. Cha Timotheo kilikuwa cha ndondi, na kilikaribisha wapiganaji wageni kutoka magemu mengine, mazimwi ya Eveline yakiwamo. Ukiunganisha waya, zimwi ulilolifuga linavuka na jina lake na tabia zake. Bila waya unapewa la kiwandani, lisilomjua mtu.

Eveline alipenda zimwi moja lenye pembe na tumbo kubwa. Alilibatiza Paskalina, jina la mama yao aliyefariki mwaka uleule. Alilifuga hadi ukubwani, hadi kitandani hospitalini. Timotheo alipomtania kwamba mtu mzima analea zimwi, alicheka kwa shida.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha, kaka. Nikipata nafuu nakuja Mbeya, tumvushe mama."

Hakupata nafuu. Waya ukabaki kwenye droo ya Timotheo.

Aliporudi kibandani aliutoa, akawasha kigemu cha dada yake. Mwanga ulikuwa hafifu, lakini Paskalina alitokea, akatikisa pembe mara mbili kama alivyofundishwa. Timotheo akalia mbele ya wateja, wala hakuona aibu. Alikwishachomeka waya upande mmoja alipoona kutu kwenye kaseti ya gemu iliyopachikwa mgongoni. Akaogopa. Je, kikizimika mama akiwa katikati ya safari?

Betri kwanza.

Akazima, akafungua kaseti, akabandua kibetri cha zamani na kuchomelea kipya. Kazi safi, haki yake tumpe. Ila redio ukiitoa betri inanyamaza tu, ukirudisha inaimba. Kaseti zile za zamani kumbukumbu yake yote ilishikwa na kile kibetri, na kikitoka, inafutika. Angevusha kwanza, angekuwa naye mpaka leo. Inauma kulisema.

Akawasha. Mwanga sasa ulikuwa mkali, na kioo kikamwuliza anaitwa nani, kama mtu anayeanza upya. Akazima, akawasha tena. Kikamwuliza tena.

"Imekubali, fundi?" aliuliza Amos, mshona viatu wa kibanda cha jirani.

"Imekubali," alisema Timotheo.

Jioni alichukua kigemu chake mwenyewe cha ndondi, akamchagua mgeni wa kupigana naye. Likaja la kiwandani, pembe zilezile, tumbo lilelile. Timotheo akalisubiri litikise pembe mara mbili. Halikutikisa. Kengele ikalia, likamjia, naye hakubonyeza kitu chochote. Likampiga mpaka akakwisha.