Ufunguo Ulioshuka kwa Kamba

Machano alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mji aliujua mpaka soko la Mwanakwerekwe tu, pembezoni mwake. Hapo ndipo alipokuwa akishusha magunia yake ya chokaa, akanunua sukari na betri za tochi, akageuka kurudi kwao Makunduchi. Mara mbili alifika hospitali kuu kumpeleka mgonjwa, na zote mbili macho yake yalikuwa chini. Mji Mkongwe wenyewe, wenye majumba yaliyosimamishwa kwa chokaa kama anayoichoma yeye, hakuwahi kuukanyaga. Watu walidhani hana nafasi. Kumbe mwenzao alikuwa akiogopa.

Alichokiogopa ni maneno ya baba yake, marehemu Msabah. Naye alikuwa mchoma chokaa, na ujanani, kabla Machano hajazaliwa, alikwenda mjini akafanya kazi ya lipu kwa miezi saba. Akarudi na hadithi za kumtosha maisha mazima. Mjini, alisema, kuna milango yenye misumari ya shaba mikubwa kama ngumi ya mtoto, ya kuzuia ndovu. Kuna jumba lenye chumba kinachopandisha watu juu wenyewe wamesimama tu. Kuna mchuzi wa manjano, mchachu, unaotiwa embe, na bakuli moja lina karamu nzima. Kuna nyumba ambazo ukipiga hodi, ufunguo unakushukia kutoka juu. Na hadithi kubwa kuliko zote: kuna ukuta aliousugua kwa mikono yake, kwa gamba la kauri, siku arubaini, mpaka mtu akisimama mbele yake anajiona uso.

Wanaume wa baraza ya kahawa walikuwa wakimsubiri kila alasiri. Aliyekuwa mbele kwa kucheka ni Amour, wakati huo bado kijana, ambaye alikuwa akimwambia, "Haya Mzee Msabah, leo ndovu wameingia wangapi?" Na Msabah anajibu kwa utulivu, kama aliyeulizwa la maana, halafu anaendelea kusimulia.

Machano alipofika miaka kumi na nne, wenzake wa skuli wakawa wanamwita Mtoto wa Ukuta. Siku moja aibu ikamzidi, akasema mbele ya baraza nzima, "Baba, basi tena. Chokaa sisi tunaichoma kila siku. Nani kati yetu amewahi kujiona ndani yake?" Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Msabah hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza mwanawe baadaye. Alimaliza kahawa yake, akakiweka kikombe chini polepole, na tangu siku hiyo mpaka anakufa hakuutaja tena ule ukuta.

Sasa hesabu za Machano zilikuwa ngumu. Akienda mjini asiukute ukuta, baba yake alikuwa muongo. Akiukuta, basi yeye ndiye aliyemnyamazisha mtu mkweli mbele ya watu. Hakutaka hata moja kati ya hayo mawili, kwa hiyo kila safari aliishia Mwanakwerekwe.

Aliyekuja kumtoa huko ni Khairiya, binti wa marehemu kaka yake, anayeishi Kikwajuni na kufanya kazi ya kutembeza wageni mjini. Alikuja shamba kwa sikukuu ya Idi, akamsikia Amour, mzee sasa, akizisimulia zile hadithi za Msabah, babu yake Khairiya, kwa kuchekesha watu.  Asubuhi ya pili yake akamfuata ami yake kwenye tanuri la chokaa.

"Ami, huo ukuta wa babu uko mtaa gani?"

"Kiponda," Machano akajibu, upesi kuliko alivyotaka. "Ukishapita msikiti mdogo, mlango wa pili, wenye baraza pande zote mbili. Ghorofa ya pili, chumba kinachotazama uani."

Khairiya akamtazama. Mtu hawezi kuweka maelekezo ya nyumba kichwani miaka arubaini na mitano kama hana haja nayo.

"Jumamosi njoo," akasema. "Wageni wote nimewatembeza mie. Weye umebaki."

Jumamosi saa mbili asubuhi Khairiya akampokea kwenye soko la Darajani. Machano alikuwa na kanzu yake ya Ijumaa na kofia mpya.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Nshakunywa chai, usihangaike."

"Chai ya alfajiri ya Makunduchi haituhusu huku. Kaa hapo."

Akamkalisha kwenye benchi nyuma ya soko, akamlisha chapati na maharage ya nazi, na chai ya maziwa iliyokolea iliki. Kisha wakapita kwenye mnada wa samaki. Machano, aliyezaliwa pwani, hakuona cha ajabu kwa samaki, lakini alisimama akamwangalia mnadi anavyotaja bei bila kuvuta pumzi, akasema yule angefaa kufanya kazi ya Msabah ya kuhadithia.

Wakaingia vichochoroni. Wageni wa mji ule hutembea wakitazama juu na kugonganagongana. Machano alitembea akipapasa kuta. Aligonga kwa kucha, akasikiliza, akapitisha kiganja. Alipokuta pamezibwa kwa saruji alitikisa kichwa. "Hapa ukuta hauwezi kupumua," akasema. "Utatoa jasho mpaka uanguke." Penye chokaa ya zamani alikaa muda mrefu, na uso wake ukabadilika. Kila nyumba ilikuwa imebeba chokaa ya matumbawe na moto wa watu kama yeye, ghorofa tatu, ghorofa nne, na hapakuwa na kichochoro kilichokwisha bila kuanza chengine. Alikuwa ameichoma chokaa tangu utotoni asijue kuwa ikikusanyika inakuwa kitu kikubwa namna hii. Hofu iliyomshika hapo ilikuwa tamu, akaona haya kuisema.

Mlango wa kwanza wenye misumari ya shaba ulimsimamisha. Akakunja ngumi akaiweka kando ya msumari mmoja.

"Ndovu lakini," akasema kwa sauti ya chini.

"Ufundi umetoka Bara Hindi, Ami. Kule wako ndovu, na milango ilitiwa misumari kwa ajili yao. Huku imebaki kuwa pambo."

"Kwa hiyo hakusema uongo."

"Hakusema uongo. Alisahau kueleza tu."

Hamamni, kwenye bafu kongwe la kifalme, Machano alipiga hodi mlangoni. Mama aliyekaa kukata tiketi akacheka, akamwambia karibu, hapa hapakaliwi na mtu tangu zamani. Ndani palikuwa na ubaridi. Mwanga ulishuka kutoka vitundu vya darini, na dari yenyewe ilikuwa imepinda juu ya vichwa vyao, nyeupe, bila boriti hata moja. Machano alivua kofia bila kujijua. Alitazama juu mpaka shingo ikamuuma.

"Nani aliyechoma chokaa yote hii?" akauliza.

Khairiya akatazama juu naye. Miaka yote ya kutembeza watu alikuwa ameulizwa jina la Sultani, na mwaka, na kama maji yalikuwa ya moto. Hilo hakuwahi kuulizwa.

Mchana wakala urojo Sokomuhogo, wamekaa barazani na mabakuli mapajani. Umanjano wake, uchachu wa embe bichi, bajia, kachori, viazi, chatine ya nazi, na vipande vya muhogo vilivyokaangwa vikikatika menoni. Urojo si kitu kigeni kwa Machano. Siku hizi Makunduchi unapikwa kila pembe. Lakini akiwa katikati ya bakuli alikumbuka kuwa wa kwanza kuutaja kule kwao alikuwa Msabah, na walimcheka wakasema nani mwenye akili anatia embe kwenye mchuzi. Leo wanaunywa wote, na hakuna aliyewahi kusema kumbe mzee alikuwa mkweli. Akamaliza bakuli, akaomba la pili.

Wakatokea Forodhani. Bahari ilikuwa kijani, na nyuma yao limesimama jumba la zamani la Sultani, Beit al-Ajaib, refu kuliko alivyowahi kulifikiria, wakati huo likiwa kwenye matengenezo, halifikiki.

"Chumba kinachopandisha watu," Machano akasema.

"Lifti, Ami. Ilikuwamo humo, zamani hizo. Mie mwenyewe huwaambia wageni."

Machano akakaa kwenye ukuta wa bahari. Khairiya alidhani atafurahi, maana hadithi zilikuwa zinathibitika moja baada ya nyengine. Lakini kila ilipothibitika moja, ami yake alizidi kuinamisha uso.

"Tumeona mengi," akasema mwisho. "Nnaona turudi."

"Bado Kiponda."

"Kiponda siku nyengine."

Khairiya hakubishana naye. Alianza tu kutembea, na Machano, ambaye peke yake asingeijua njia ya kutoka, akamfuata.

Msikiti mdogo ulikuwapo. Mlango wa pili ulikuwapo, na baraza zake pande zote mbili. Madirisha ya juu yamefungwa. Machano akarekebisha kofia, akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Kisha akageuka.

"Ami, tugonge. Pete ya mlango hiyo hapo."

"Hodi tatu, hapana jibu, mtu anakwenda zake. Ndo tulivyolelewa. Huwezi kumgongea mtu nyumba yake kama ngoma." Alisema kwa ukali, lakini Khairiya aliusikia ule unafuu ndani ya sauti yake. Adabu ilikuwa imempa mlango wa kukimbilia.

Walikuwa wamefika pembe ya kichochoro waliposikia dirisha likifunguka.

"Nani huyo? Mnapiga hodi mnakimbia, kwani mna deni?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. "Mie ngazi magoti hayazitaki tena. Ngojeni."

Na kutoka ghorofa ya pili kikapu cha ukili kikaanza kushuka kwa kamba, kinagonga ukuta, kinazunguka, kinashuka tena, mpaka kikasimama mbele ya kifua cha Machano. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa chuma, mrefu kama kiganja.

Machano hakuweza kuuchukua. Akakaa barazani. Hii ndiyo hadithi waliyoicheka zaidi ya ndovu, Msabah na ufunguo wake wa mbinguni, na Machano mwenyewe alikuwa amewahi kuiigiza skuli kwa kamba na kijiti. Khairiya akautoa ufunguo kikapuni, akafungua, akamshika mkono wakapanda.

Mwenye nyumba aliitwa Bi Mardhiya, amekaribia miaka themanini, buibui begani na miwani puani. Machano akamwamkia, akaeleza kilichomleta kwa maneno machache yaliyogongana.  Bi Mardhiya akawatangulia polepole mpaka chumba cha uani, akafungua dirisha moja, kisha la pili.

Mwanga ukaingia. Ukuta ulikuwa mweupe, laini, hauna ufa wala alama ya mkono, na ulionekana kuwa na kina, kama maji yaliyotulia kwenye beseni. Machano akasogea hatua moja, nyengine. Kwanza akaiona kofia yake. Kisha mabega. Kisha uso, wenye ndevu nyeupe na mashavu yaliyobonyea, unamtazama.

"Hautiwi msumari wala rangi," Bi Mardhiya akasema. "Mama aliusia. Kila Idi tunaupangusa kwa kitambaa cha pamba, basi. Nlikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, mie ndo niliyekuwa nikimletea chai fundi. Mtu mwembamba, mkono haupumziki na mdomo haupumziki. Akitwambia kwao, siku ya mwaka mpya, watu wazima wanakwenda kiwanjani wanapigana kwa migomba mpaka wachoke, halafu wanatia moto kibanda, halafu wote wanakula pamoja."

"Kweli hiyo," Machano akasema. "Mwaka Kogwa. Mpaka leo."

"Nnajua. Wakati ule tulimcheka. Mama akisema fundi mzuri huyu, lakini muongo mkubwa. Nshakuwa mtu mzima na wanangu ndo nikafika Makunduchi nikaona kwa macho yangu. Nilisimama pale kiwanjani nikalia, na watu wakadhani ni moshi."

Machano akaweka kiganja chake ukutani, kiganja chenye nyufa za chokaa. Palikuwa baridi, na kule ndani mkono mwengine ulikuja kukutana na wake. "Niwie radhi, baba," akasema, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu aliye chumbani. Khairiya alikuwa analia waziwazi. Bi Mardhiya akasema chai iko tayari, na hakuna aliyeondoka mbele ya ukuta.

Kabla hawajatoka Khairiya alipiga picha nyingi kwa simu. Zote zilitoka nyeupe tupu. Mng'aro ule simu haikuukamata.

Jumatatu baada ya sala ya alasiri Machano alikwenda barazani. Akawahadithia misumari, bafu, lifti, kikapu. Akafika kwenye ukuta, akawaambia alivyojiona ndevu zake. Wakamwomba picha, akawaonyesha zile alizotumiwa na Khairiya, na simu ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja anatazama weupe ule. Halafu kicheko kikapasuka, kile kile cha zamani, na Amour akawa anafuta machozi kwa ncha ya kanzu.

"Machano," akasema, "na weye umerithi?"

"Nimerithi," Machano akasema.

Akanywa funda la kahawa, akakiweka kikombe chini polepole. Wakangoja anyamaze, kama alivyonyamaza baba yake. Yeye akanyoosha kikombe kiongezwe, akaanza kuhadithia upya, kutoka kwenye msikiti mdogo na mlango wa pili.