Kipande cha Juu

Siku kijana alipomwona mara ya kwanza, yule mama alikuwa ameinama nyuma ya darubini ya miguu mitatu, jicho moja amelifumba, akimfokea mbuzi aliyesimama mbele yake. Akageuka.

"Na wewe, unaweza kusimama bila kutikisika?"

"Naweza, mama."

"Basi kazi umepata. Mbuzi kazi imemshinda."

Hivyo akawa mshika rula wa mama mpima ardhi, na kwa haya zake akaitwa Bubu. Yeye husimamisha rula ndefu juu ya kigingi, mama husoma namba kwa mbali. Ardhi ikishuka, namba inapanda. Penye bonde huvutwa kipande cha juu cha rula mpaka kijifunge na kulia ta! Kila kimo mama hukipima mara mbili. "Jicho lina kiburi," husema.

Ila siku ya kupima mtaro wa maji wa mtaani, wingu lilikuwa limetanda. Kwenye kigingi cha mwisho, kule chini, Bubu alivuta kipande cha juu, mama akasoma, akaanza kufunga darubini.

"Haturudii, mama?"

"Na mvua hiyo? Mkono wako nauamini."

Bubu alipotaka kushusha rula, kipande kikateremka chenyewe. Kumbe hakikulia! Kilikuwa kimezama kiganja kizima, namba ikazidi, na mwisho wa mtaro umesomeka uko chini kuliko ulivyo. Bubu akafungua kinywa. Mama alikuwa akikimbia na darubini kifuani, anacheka kama msichana. Bubu akakifumba kinywa.

Mtaro ukachimbwa, ukatiwa saruji. Mvua kubwa ilipokuja, maji yalisimama, yakafikiri, yakarudi vyumbani kwa watu. Magodoro yakaelea.

"Mpima gani huyu, anapandisha maji mlima!" watu wakapiga kelele.

Mkubwa wa kazi akamwachisha mama kazi siku ileile. Bubu alikuwa mlangoni, anasikia yote, macho kwenye viatu vyake. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Chake kilikuwa na matope.

Akambebea sanduku mpaka kituo cha basi.

"Mama, siku ile ya mtaro..."

Basi likapiga honi. Mama akapanda, akafungua dirisha, akamtazama kwa jicho moja, jingine amelifumba.

"Mpima atakayekuja ni kijana, mwanangu, bado hajazoea. Kipande cha juu usikiachie mpaka ukisikie kinalia."