Koni za Idd za Bi Rusi

Mwanarusi wa Bongwe huuza koni za aiskrimu kwa sauti. Sisemi kwamba hupiga kelele. Mama wa watu ni mpole. Huingia dukani, akasalimia kama inavyotakiwa, akatoa koni moja na kuivunja karibu na sikio la mwenye duka. Ikilia kach, biashara imekwisha. Koni zitokazo mbali hufika Diani zimeshalegea kwa unyevu, na mtoto akitiliwa aiskrimu humchuruzika mpaka kiwikoni.

Kazi hii aliianza alipochoka kuosha vyombo hotelini, kazi aliyoifanya miaka kumi na mmoja. Alinunua mashine kuukuu ya gesi, yenye mashimo sita, akaiweka kwenye kibanda cha uani. Koni zikipoa tu, kabla upepo wa bahari haujazigusa, hupangwa dazani dazani ndani ya pakiti, na mdomo wa pakiti hufungwa kwa moto wa mshumaa kama zile za ubuyu. Juu hubandikwa karatasi: "Koni za Bi Rusi, Bongwe," pamoja na picha ya koni ambayo fundi wa Ukunda aliichora ikafanana na karoti.

Ramadhani hii alipata alichokitafuta miaka miwili. Harrison, mtu wa Samburu mwenye duka la aiskrimu Diani, aliagiza pakiti arobaini za Idd, siku ambayo watoto huja na nguo mpya na pesa za sikukuu mkononi.

"Zikipendeza, nitachukua kwako mwaka mzima," alimwambia. "Zikiniaibisha siku ya Idd, Bi Rusi, tusameheane tu."

Mwezi ishirini na nane Ramadhani, Mwanarusi alianza kuoka alfajiri, wifi yake Muhsina akipakia. Miezi mingine Mwanarusi huchovya kidole kwenye uji wa unga akaonja. Mwezi wa Ramadhani hataki. Ameshaambiwa kwamba mpishi ana ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, naye hujibu kwamba ulimi ulioonja sukari saa sita mchana hauaminiki kutema. Basi alikwenda kwa vipimo: unga vikombe kadha, sukari vikombe kadha. Koni zilitoka zimepauka kidogo. Akailaumu gesi, akaendelea.

Alasiri Harrison alikuja na pikapu. Maboksi yalikwisha kupakiwa na kufungwa kamba, ndipo Swabir, mumewe Mwanarusi, alipotokea nyuma ya jiko. Swabir ni dereva wa tuktuk, mtu wa maneno machache, na mwezi mzima hakukosa safu ya mbele msikitini.

"Zishusheni," alisema. "Zina chumvi."

Muhsina, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, ndiye aliyewahi. "Kaka, umejuaje?"

Swabir aliangalia ndara zake. Angeweza kusema amesikia harufu, au kwamba kuku wamezikataa.

"Nimekula," alisema. "Vile vipande vilivyovunjika. Navila tangu mwezi uanze."

Mwanarusi alipandwa na hasira, na si kwa sababu ya kula, bali ya kudanganywa. Mwezi wa Shaabani mumewe alikwenda hospitali Msambweni kwa vidonda vya tumbo, akarudi akisema daktari amemruhusu kufunga. Sasa alielewa: kumbe alikatazwa! Akaona haya, mwanamume mzima atafune mchana na hali bibi vizee wamefunga. Ndiyo maana alikuwa akinyemelea bakuli la vipande na kula penye ua, kama mwizi nyumbani mwake. Na yeye Mwanarusi mwezi mzima amewatukana kuku bure, akidhani wao ndio wezi.

Kisha likamjia jingine. Kamba zilikuwa zimeshafungwa. Swabir angenyamaza, na hakuna ambaye angejua siri yake. Alichagua kuaibika yeye, mbele ya mgeni na mbele ya Muhsina, ili jina la mkewe lisiaibike siku ya Idd. Hasira ikamwisha, akamwonea huruma mpaka akataka kulia.

Harrison alifungua pakiti moja, akauma, akatema. "Kwetu Samburu, ng'ombe wangelamba hii wakashukuru."

"Yallah!" Muhsina alishika kichwa. "Jana niliosha makopo yote kwa ajili ya Idd. Chumvi nimeirudisha kwenye kopo la sukari!"

Mwanarusi alicheka mpaka akaegemea pikapu. Alipopata pumzi alimwomba Harrison muda hadi kesho yake adhuhuri.

"Sawa, nitakuja," Harrison alisema. "Lakini nani ataonja kabla sijaja? Ninyi mnaooka mmefunga."

"Mume wangu," alijibu Mwanarusi, kwa sauti ya kufika hata kwa jirani. "Daktari amemkataza kufunga. Ataonja yeye."

Swabir aliinua kichwa. Muhsina alianza kufungua kamba za maboksi.

Koni mpya zilimalizika dukani siku ya Idd kabla ya magharibi, na tangu hapo Harrison huchukua kila wiki. Lakini Mwanarusi akihadithia, hayo huyapita haraka. Anachopenda kukisimulia ni asubuhi ile ya mwezi ishirini na tisa. Alimwekea Swabir kigoda mlangoni pa kibanda, akamletea koni ya kwanza kwenye sahani, na kikombe cha maziwa. Swabir alitazama njiani, watu wakipita kwenda sokoni. Mkono wake haukunyanyuka.

Mwanarusi aliiacha mashine ikipata moto, akaja kukaa chini karibu naye.

"Kula, mume wangu," alimwambia. "Hapa ni kwako."

Akala, mlango ukiwa wazi, akaimaliza yote, kisha akaomba nyingine.