Plastiki Juu ya Mwandiko wa Baba

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni ile Jumamosi pale karakana ya Wete, wewe nimekubeba ubavuni unatafuna ncha ya buibui langu. Fundi alishika pembe ya plastiki kwenye mlango wa gari yetu, akaweka mguu kwenye tairi, akavuta. Ikalia kama kanga inayochanwa. Nilipotazama mlango, bati limebaki uchi. Nilipotazama mkono wake, maneno ya babu yako, baba yangu mimi, yananing'inia kwenye plastiki, herufi kwa herufi: NENDA NA RADHI.

Fundi akaikunjakunja kama karatasi ya maandazi. "Usijali dada," kanambia, "haya yenyewe maandishi ya mkono tu. Ntakubandikia stika ya kompyuta, itapendeza zaidi."

Subira yangu ikaishia hapo. Sikumtukana, ingawa matusi ninayo, nimekulia Msuka pwani. Nilimnyang'anya ile plastiki nikamwambia, "Aliyeandika haya tumemzika. Kompyuta yako itamfufua?" Mwenzake aliyekuwa akikaza nati akacheka, halafu akaniona uso, akarudi kwenye nati zake.

Sasa nisikilize. Mimi si mzee, nywele zangu bado nyeusi, lakini nasaha hazingoji mvi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Babu yako alikuwa fundi rangi, akiandika majina ya mashua na vibao vya maduka. Nilipoolewa alitupa keri yake, ile gari ndogo ya mizigo ambayo baba yako hupelekea ndizi na samaki Wete hadi leo. Kabla ya kutukabidhi ufunguo alichuchumaa mbele ya mlango asubuhi nzima na brashi, mkono ushaanza kutetemeka. R ya RADHI ikapinda. Nilimcheka. Akasema iache, R iliyopinda ndiyo itakayokwambia ni mimi. Mwaka haukupita, akafariki. Picha nzuri hakuacha hata moja. Aliacha R ile.

Wewe hujui kampeni za kwetu. Tangu viingie vyama vingi, uchaguzi ukikaribia tunaamka gari imegandishwa picha za wagombea, mlango huu chama hiki, mlango ule chama kile. Ukiziacha, watu washakuhesabu upande. Hata dukani kwa jirani huitikiwi salamu. Ukizikwangua kwa kisu, rangi inaparuka. Nikaogopa kisu kitafika kwenye mwandiko wa baba. Ndipo nikasikia habari za fundi huyu, mwenye plastiki angavu ya kuivisha gari nzima. Aliniapia kwamba picha hazitoshika juu yake, na siku nikiichoka itabanduka kama ganda la ndizi mbivu, rangi isijue. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alijitembeza mpaka Msuka kunifuata. Baba yako alisita. Mimi ndiye niliyeshikilia, nisikufiche.

Shangazi yangu Bi Time, dada yake babu yako, aliyemkorogea nduguye rangi tangu utoto wao, alikuja akakwaruza mlango kwa ukucha. "Rangi hii ya kopo," alisema, "kaka kaipaka juu ya rangi kuukuu. Haikushika bati, imekaa tu. Ukiibandikia kitu, kikitoka kitatoka nayo." Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba haya mambo ya leo na yeye hayajui. Hakukasirika. Akafuta ukucha kwenye kanga, akaomba chai, akazungumza habari za mihogo. Mwanangu, bora angenizaba kofi.

Mwaka wa kwanza gari iling'ara kama imelambwa. Wa pili, jua na chumvi vikaifanya plastiki njano kama meno ya mtafuna tumbaku. Maji yakaingia chini, ikaota mapele, mwandiko hausomeki. Tukairudisha kwa fundi aitoe. Baadaye fundi mwengine kanieleza kuwa plastiki ile hupashwa moto taratibu mpaka ilegee, ndipo ivutwe polepole, na hata hivyo mwandiko wa brashi usingepona wote. Wetu aliivuta ikiwa baridi, kwa mkupuo mmoja, kwa sababu siku ile kulikuwa na mpira uwanja wa Gombani na wenzake walishaanza kumpigia honi.

Asiyesikia la mkuu. Skuli walituandikisha hiyo mpaka kidole kikaota sugu, na mtihani wake niliufaulu. Kufaulu si kusikia.

Basi, mwanangu, kitu ulichoachiwa na mkono wa mtu usikivishe ahadi ya mtu mwengine. Kiache kiparuke kwa kutumika. Ukiambiwa kitatoka kirahisi, uliza kitatoka na nini. Na mkubwa wako akikwaruza kwa ukucha kisha akanyamaza, mfuate mpaka jikoni umuulize tena. Mola akupe sikio kabla ya jeraha. Mlango sasa mtupu, kwa hiyo nakutamkia kwa mdomo wangu: nenda na radhi.

Malalamiko niliyapeleka. Sheha, mkuu wa mtaa wetu, aligonga muhuri, nikaenda nayo ofisi ya biashara ya wilaya, plastiki nimeifunga ndani ya kanga iwe ushahidi. Fomu ilikuwa na swali kama mteja alionywa juu ya madhara. Karani, kwa huruma zake, akanishauri nijaze hapana, jambo liwe jepesi. Nikachukua kalamu. Nakala ninayo, nimeandika hivi:

"Nalalamika kwamba fundi alibandika plastiki juu ya mwandiko wa marehemu baba yangu bila kunieleza kuwa itaondoka nao, na akaivuta kwa haraka bila kuipasha moto. Sitaki stika. Nataka akiri, na kila mwenye gari aelezwe kabla hajabandikiwa. Kuhusu swali la kuonywa: ndiyo, nilionywa. Si na fundi. Alinionya shangazi yangu, Bi Time, kwa ukucha wake, nami nikamjibu kuwa hajui."