Msafiri Aliyerudi Kwao

Enzi zetu sisi tulioanza chuo cha Kurani kabla ya shule, picha ilikuwa kitu cha kugombewa. Kwetu Mtawanya ungepita nyumba hadi nyumba usione kitabu chenye picha. Tulichokuwa nacho ni karatasi za kufungia sukari. Mke wa mwenye duka pale Kibiti, mama wa Kihindi tuliyemwita Ba kama watoto wake walivyomwita, alikuwa akichana magazeti yaliyotoka kwao, na ukiwa na bahati ulipata kipande chenye vijumba vya picha vilivyopangwa mstari mmoja, hadithi ikitembea kutoka kijumba hiki hadi kile. Mama nyumbani akishapokea sukari yake, karatasi ilikuwa yetu. Tuliilamba kwanza, kisha tukaisoma.

Tuliisoma kwa namna yetu. Asubuhi, umande haujakauka, tulikuwa kwa maalimu, ubao magotini, kidole kikitoka kulia kuja kushoto, sauti zetu zikipanda na kushuka pamoja. Herufi za shule tuliambiwa zinaanzia kushoto, tukakubali kwa kuwa mwalimu alikuwa na fimbo. Kuhusu picha hakuna aliyetuambia neno. Basi tukaanzia kulia. Na hadithi za Ba zilikuwa nzuri ajabu! Mwizi aliingia na furushi, akaliacha kabatini, akatoka dirishani mikono mitupu. Mtu aliyelala chini na kisu kifuani aliinuka, adui yake akakichomoa kisu, wakakaa kunywa chai. Tukasema Wahindi wana hadithi za heri, si kama zetu za mazimwi.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, nyumba nzima tulikuwa bondeni, kwenye dungu, kile kibanda kirefu kilichosimama juu ya miti katikati ya shamba. Hadi leo nikilikumbuka dungu nahisi usingizi mtamu unanijia. Moshi wa kambare ulipanda kwenye mianya ya sakafu, ukungu ukafunika shamba lote ukadhani tunaelea, na makopo yaligongana kwenye kamba tulizovuta kufukuza ndege. Nililala chali, karatasi yangu juu ya uso, na watu wa kwenye picha wakanifuata ndotoni. Lakini raha ile ilikuwa ya likizo. Kuachishwa shule nikakae huko moja kwa moja ni jambo jingine, na nililiogopa kuliko kiboko.

Maana baba alikuwa ameshasema. Darasani msichana nilikuwa peke yangu, na wenzake walimtania barazani hadi akawa hana raha. Aliposikia mkaguzi wa shule anakuja, akaniita.

"Hawa mwanangu, mie sikusoma, sijui huko unapata nini. Mzungu akisema unafaa, utaendelea. Akisema hufai, basi tena, utakaa dungu ufukuze ndege na wenzio."

Siku hiyo wali wa mchele mpya, ambao kwa kawaida nilikomba hadi sufuria, ulinishinda kumeza.

Mkaguzi alikuja na karatasi ndefu iliyoviringwa, akaitundika ukutani. Vijumba vya picha, rangi tupu, bila hata neno moja! Alitueleza kuwa hiyo ni habari ya msafiri wa Kizungu wa zamani aliyetafuta chanzo cha mto, na wakubwa wanataka kujua kama watoto wanaweza kujifunza mambo ya kale kwa picha. Nani ataisimulia? Mwalimu Athumani akanisukuma mbele. Dirishani niliona wanaume wa kijiji wamejazana, baba katikati yao, kofia ameivua ameishika mkononi.

Nikaanzia pale tulipozoea kuanzia.

"Bwana huyu alikuwa na bendera yake mlimani. Siku moja akaing'oa. Akalitazama ziwa, akaliaga. Akaugua, watu wakambeba kwa machela. Akafika kwa jumbe, jumbe akamrudishia shanga zake na vitambaa vyake vyote. Wakashuka pwani, wapagazi wakatua mizigo wakapumzika. Akapanda meli, akarudi kwao."

"Kwao wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Kwao, bwana. Kwa mama yake."

Wanaume wa dirishani walicheka, kisha wakakumbuka ni nani amesimama mbele yao, wakaziba vinywa kwa viganja. Mimi niliwaza ndege wa bondeni tu. Mkaguzi akaitazama karatasi yake, akanitazama mimi, akaniambia nimwonyeshe nilipoanzia. Nikaweka kidole kwenye kijumba cha kulia. Akaligeukia darasa, akauliza nani mwingine angeanzia hapo. Mikono yote ikanyooka. Ndipo uso wake mwekundu ukalegea, akacheka hadi akavua miwani.

"Huyu msichana abaki shuleni," alimwambia mwalimu. Safari iliyofuata karatasi zilikuja na namba kwenye kila picha.

Njiani kurudi nyumbani baba alinitaka nimsimulie tena, pole pole, asikose kitu. Habari ya kuniachisha shule hakuigusa tena. Ila tangu hapo, kila akirudi kutoka bondeni na jembe begani, aliniuliza kwa sauti ya siri, "Yule bwana wako, keshafika kwao?"

"Bado, baba. Yu njiani."

"Haya. Tumngoje."

Wajukuu zangu wana picha kwenye simu zinazotembea na kusema zenyewe, na kidole kinazisukuma juu kabla hazijamaliza sentensi. Nikiwauliza wameona nini, wananitazama kama nimewaomba nauli ya kwenda Utete. Wanajua mengi kuliko tulivyojua sisi, sikatai. Lakini picha moja sisi tuliishi nayo msimu mzima, nyumba nzima ikiizungumza, na hilo nalikosa kweli kweli.

Baba alifariki masika ya mwisho kabla ya uhuru. Bendera ya Mwingereza iliposhushwa nilikuwa mwalimu tayari, nimesimama uwanjani na darasa langu, watu wakipiga vigelegele. Mimi niligeuka huku na huku katika umati, nikimtafuta wa kumwambia kwamba yule bwana amefika.