Gitaa Nililoligeuza kwa Ajili ya Mama Sikujua

Siku yangu ya kwanza kwenye duka la vyombo vya muziki pale Kashaulili, Meneja alinikabidhi bisibisi na kitambaa, akasema, "Nyie mafundi mnapenda gitaa linalong'aa. Anayeanza muuzie linaloshikika." Maana yake shingo nyembamba, nyuzi laini zilizo karibu na ubao ili vidole visiumie mtu akakata tamaa, na spika ndogo ya mazoezi yenye tundu la hedifoni, majirani wapumzike.

Sijamaliza mwaka, akaingia Mama Sikujua, mkulima wa mpunga kutoka Usevya. Mumewe, mpiga gitaa wa kwaya yao, alikuwa amefariki, na kwaya ilibaki inaimba bila chombo.

"Nataka kujifunza mimi mwenyewe," alisema, kisha akautoa mkono wa kushoto ndani ya kitenge. Vidole viwili vilikuwa vimekatwa na mashine ya kukoboa.

Mkono wa kushoto ndio unaokandamiza nyuzi. Meneja alishusha macho. "Mama, si bora apige mwanakwaya mwingine?"

"Wote wameniambia hivyo, baba."

Alipogeuka kuondoka nikamwita. "Wa kulia mzima?"

"Mzima."

"Bosi, naomba niligeuze moja, akandamize kwa kulia."

"Ukiliharibu halitauzika tena," Meneja alisema. Kisha akanisogezea taa.

Nilichukua gitaa jepesi la umeme, nikaligeuza, nikapanga nyuzi upya ili ile nene ikae juu, nikachonga vijifereji vinavyozishikilia kichwani, nikahamisha kishikizo cha mkanda. Spika nilimchagulia ya betri, kwa kuwa kwake umeme ulikuwa haujafika. Akakandamiza kwa mkono wa kulia, akapiga kwa dole gumba la kushoto. Sauti ikatoka safi.

"Sauti hii naijua, ndiyo ya marehemu mume wangu," alisema, machozi yakamtoka. Meneja alianza kufuta kaunta iliyokuwa safi tayari.

Baada ya mavuno alirudi kununua nyuzi. Vidole vya kulia vilikuwa na sugu. "Jumapili napiga nyimbo tatu," alisema. Tangu hapo Meneja alimwita Mwalimu.

Sasa nimestaafu, niko Ilembo. Miaka yote hiyo nilitengeneza magitaa ya watu bila kujua kupiga hata wimbo mmoja mpaka mwisho. Ndiyo kwanza najifunza. Mke wangu analalamika kwamba narudia palepale, ila nikinyamaza tu anauliza kutoka jikoni, "Mbona umeacha?"